Kituo Kwanza, Kiwanja Baadaye

Walimu wetu wa chuoni walitufundisha msemo wa Kiarabu usemao kwamba jirani hutafutwa kabla ya nyumba, na mwenzi kabla ya njia. Tuliukariri tukiwa wadogo, bila ya kudhani kwamba siku moja tungeuhitaji katika mambo ya treni. Leo tunauhitaji. Kwa ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba ambao riziki yao iko Dar es Salaam, suala la wapi pa kukaa limekuwa suala la njia kabla ya kuwa suala la nyumba. Kwa bahati mbaya, walio wengi wanaanza na nyumba.

Mambo huwa hivi. Mtu amekaa miaka kadhaa katika vyumba viwili Kariakoo au Ilala. Kazi yake iko karibu, na siku ya kurudi nyumbani hutembea kwa miguu hadi bandarini akapanda boti. Watoto wanakua, kodi inapanda, mwenye nyumba anataka alipwe ya miezi sita kwa mkupuo. Hapo ndipo dalali anapotokea na habari za kiwanja pembezoni mwa jiji, karibu na reli. Siku ya Jumapili wanakwenda kukitazama. Barabara ni nyeupe, upepo unavuma, mwembe uko pembeni, na dalali anaonyesha kwa kidole upande kilipo kituo. Pesa zinatolewa. Baada ya miezi michache tangu ahamie, ndugu yetu huyo anaondoka nyumbani kabla ya adhana ya Alfajiri na kurudi baada ya Isha. Watoto wake anawaona wamelala.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Anayepoteza saa 4 kwa siku njiani, kwa siku 22 za kazi, amepoteza saa 88 kwa mwezi. Hizo ni sawa na siku 11 za kazi za saa 8, anazozitoa bila ya malipo na bila ya kushukuriwa na mtu. Kiwanja kilichonunuliwa kwa bei nafuu kinaendelea kulipiwa kila siku, na wala hakuna stakabadhi inayotolewa.

Tusifahamike vibaya. Sisi hatuipingi treni, bali tunaitaka, tena kwa wingi. Mji wa mamilioni ya watu hauwezi kubebwa na daladala peke yake, na mabasi ya mwendo wa haraka yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yameonyesha jinsi watu walivyokuwa na kiu ya usafiri wenye njia yake. Treni inabeba watu wengi kwa pamoja, haikai katika msongamano wa Buguruni, na kwa Mzanzibari ina fadhila moja ambayo haisemwi: mwisho wa safari yake mjini ni Stesheni, na kutoka Stesheni hadi kwenye boti ni mwendo wa kutembea. Anayekaa kwenye njia ya reli, hata akiwa mbali, yuko karibu na bahari kuliko anayekaa mahali pa karibu pasipo na reli. Kwa hiyo ushauri wa kufuata reli ni mwema. Tunachokilalamikia ni kuifuata kwa macho ya dalali.

Sisi wa Visiwani tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika kwa jambo hili, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa na treni. Mwaka 1905, Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, hapa Unguja gari la moshi lilikwishaanza kubeba abiria baina ya Ngome Kongwe na Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Reli ile ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, na ilipita katika njia nyembamba za mji kiasi cha watu kuibandika migongo ukutani. Wapo wanaosema kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari lile. Wengine husema ni mlio wa maji ya chemchemi. Wazee waamue. Lililo hakika ni kwamba barabara na magari yalipokuja, reli ikakosa mwenyewe, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1920 huduma ile ilikuwa imekwisha. Bububu haikuhama. Waliokuwa wakiishi huko kwa kutegemea gari la moshi ilibidi wategemee kitu kingine, na hakuna aliyewauliza.

Ndiyo maana tunasema kwamba anayechagua mtaa kwa ajili ya treni asitosheke na kuona reli. Reli ni chuma kilicholala chini. Kinachomchukua mtu kazini ni ratiba, mabehewa, na uamuzi wa Serikali wa kuendelea kuvigharimia.

Treni za abiria za ndani ya jiji la Dar es Salaam zilianza mwezi wa Oktoba 2012, wakati Dk. Harrison Mwakyembe alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, na wananchi wakaziita kwa jina lake. Moja ilipita reli ya kati hadi Ubungo, nyingine ilipita reli ya TAZARA kuelekea Mwakanga, na baadaye ikaja ya Pugu. Kwa ghafla mitaa kama Tabata, Mabibo, Yombo na Gongo la Mboto ikapata thamani mpya machoni pa mfanyakazi. Lakini reli hizo zilijengwa kwa ajili ya safari za mbali na mizigo. Ile ya kati ililazwa na wakoloni ili kufika Kigoma, ambako ilifika mwaka 1914. TAZARA ilijengwa kwa msaada wa ndugu zetu wa China ili Zambia ipate bandari, ikakabidhiwa mwaka 1976. Hakuna hata moja iliyochorwa kwa kumfikiria karani anayetakiwa kuwa kazini saa moja na nusu asubuhi. Treni ya mjini imekaribishwa kwenye reli hizo kama mgeni, na mgeni hali mpaka wenyeji wale. Siku kichwa cha treni kinapoharibika au behewa la mizigo linapotoka relini, anayechelewa ni mkaazi wa Pugu.

Tena kuna suala la mguu. Kila mtu huuliza kituo kiko umbali gani, na wachache huuliza njia ya kufika kituoni ikoje. Mwendo wa dakika 10 siku ya jua unakuwa wa dakika 30 wakati wa masika, ukiwa ni wa tope na madimbwi. Bonde la Msimbazi lina mitaa iliyo karibu sana na reli, na bei yake humvutia mtu. Lakini wote tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 yaliyochukua roho za watu na nyumba zao. Waliookolewa walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Serikali ilifanya jambo la huruma na la lazima. Hata hivyo baadhi yao walirudi bondeni, kwenye hatari ile ile, kwa sababu kibarua chao kilikuwa mjini na Mabwepande haikuwa na njia rahisi ya kuwafikisha. Mtu hawezi kula kiwanja. Mkuu wa idara ya ardhi yeyote anayegawa viwanja bila ya kumwita mwenzake wa usafiri na alikumbuke jambo hilo.

Sasa imekuja reli ya kisasa, na pamoja nayo ndoto mpya. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Ni kazi ya kujivunia. Mwendo wake unafikia kilomita 160 kwa saa, na safari ya Morogoro iliyokuwa ikimla mtu nusu siku barabarani imekuwa ni safari ya chini ya saa mbili. Mara tukaanza kusikia kwenye mabaraza: fulani amenunua Soga, fulani anatafuta Ruvu, fulani anasema bora ahamie Morogoro kabisa, awe anakwenda kazini Dar es Salaam na kurudi.

Tunawaomba ndugu hao wakae chini na kalamu. Kwa nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa mwaka 2024, Soga ilikuwa shilingi 4,000 na Morogoro shilingi 13,000 kwa safari moja. Kwenda na kurudi kwa siku 22, Soga ni shilingi 176,000 kwa mwezi, na Morogoro ni shilingi 572,000. Wapo ambao mshahara wao hauifikii hesabu hiyo ya pili. Mbali na nauli, treni hii imepangwa kwa msafiri wa masafa marefu: huonyesha kitambulisho, hufika kituoni mapema, na treni za haraka hazisimami katika vituo vidogo. Na umeme nao una maajabu yake. Katika wiki za mwanzo treni iliwahi kusimama njiani, na miongoni mwa waliotajwa kuhusika ni ngedere na bundi. Watu wa pwani walitikisa vichwa waliposikia habari ya bundi. Sisi tunaona kwamba hata reli mpya huhitaji muda kabla ya kukabidhiwa mkate wa mtu.

Anayeweza Soga kwa hesabu zake na aende, na Mungu ambariki. Lakini kwanza aende kukijaribu kiwanja siku ya Jumanne, alfajiri, akiwa na mkoba wake wa kazi. Atembee kutoka hapo hadi kituoni. Apande, ashuke, afike mlangoni pa ofisi, kisha atazame saa. Jioni arudi kwa njia hiyo hiyo, akiuliza treni ya mwisho inaondoka saa ngapi na akiikosa atalala wapi. Aangalie kama kuna taa baina ya kituo na nyumba, kwa maana mkewe na binti yake nao watapita hapo. Aulize skuli, chuo cha Qur'ani, msikiti, zahanati, kisima. Aangalie kuta za jirani kama zina alama nyekundu ya hifadhi ya reli, asije akanunua nyumba ya kubomolewa. Na awaulize majirani wenyewe, ambao hawana kamisheni.

Kwa upande wa wakubwa tuna maneno machache. Tunaliomba Shirika la Reli na mamlaka inayosimamia nauli ziangalie tiketi ya mwezi kwa mfanyakazi, yenye bei anayoimudu, na treni mbili au tatu za asubuhi na jioni zitakazosimama vituo vidogo kwa saa zisizobadilika. Tunaziomba halmashauri zianze kutengeneza njia za miguu, mitaro na taa za kuelekea vituoni kabla ya kuchora mitaa mipya. Ardhi iliyo jirani na vituo isiachiwe wenye fedha wakaizungushia ukuta na kungoja bei ipande, huku anayeihitaji treni akisukumwa kilomita tano nyuma ya ukuta huo. Tumekwisha kuiona hali hiyo kwenye barabara kuu, wala hakuna sababu ya kuirudia kwenye reli iliyojengwa kwa kodi na mikopo ya wananchi wote.

Nasi hapa nyumbani tusijione tumekaa pembeni. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 893,169. Karibu watu 300,000 wameongezeka katika miaka kumi. Wameenea Fuoni, Kwarara, Fumba na kwengineko, na asubuhi wote wanaelekea upande mmoja. Hata sisi wa Chama hatuna budi kukiri kwamba katika mikutano yetu tumezoea kuuliza viwanja vingapi vimegawiwa, na ni mara chache tumeuliza walivyopewa wanafika kazini vipi. Iwe kesho itakuja treni, au mabasi yenye njia yake, au chombo kingine, kitahitaji mahali pa kupita, na mahali hapo leo ni shamba ambalo kesho litakuwa na nyumba. Tunaiomba Kamisheni ya Ardhi ichore njia hizo kwenye ramani sasa, iweke mawe ya mipaka, na itangaze majina ya shehia zitakazopitiwa kabla ya kugawa kiwanja kingine pembezoni mwa mji.