Shinkolobwe: kufunga mgodi peke yake hakutoshi

Uraniumu nyingi ya bomu lililopiga Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Haut-Katanga. Mgodi ule ulifungwa, lakini uraniumu haikuisha. Iko bado ndani ya mawe, pamoja na kobalti. Na ni kobalti ndiyo iliita wachimbaji wa mkono, wale creuseurs, kwa maelfu.

Januari 2004 serikali ilikataza kuchimba pale kwa dekreti ya rais. Watu wakaendelea. Julai mwaka uleule shimo likaanguka, watu 8 wakafa. Umoja wa Mataifa ukatuma wataalamu, na ndani yao wale wa AIEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki.

Walikuta hatari mbili. Ya haraka ni mashimo yenyewe, yanaweza kuanguka wakati wowote. Ya polepole ni mionzi: vumbi linaingia mapafuni siku kwa siku, miaka kwa miaka. Haina harufu, haionekani. Bila chombo cha kupima, mchimbaji atajuaje?

Lakini kumfukuza mchimbaji bila kazi ingine ni kumhamisha tu. Atarudi usiku, ao atachimba kwingine.

Hapo ndipo ushirikiano unapimwa. AIEA inaweza kufundisha, kushauri na kuleta vifaa. Haiwezi kulinda njia ya Likasi. Kupima magunia mbele hayajauzwa, na kuambia raia matokeo kwa luga wanayosikia, hiyo ni kazi ya Leta.