Ufunguo Kugeuka si Mlango Kufungwa

Katika kurasa hizi husemwa sana habari za mishahara, nyumba na likizo, nayo ni mambo yapasayo kusemwa. Leo twaomba nafasi tuseme juu ya jambo lionekanalo dogo kuliko hayo, yaani vitasa vya milango na madirisha. Kwa kuwa tumemwona mwenzetu mmoja akipoteza mshahara na sifa yake njema kwa sababu ya ulimi wa kitasa uliopunguzwa kwa tupa kadiri ya unene wa sarafu mbili.

Mwenzetu huyo ni karani wa ghala katika ofisi ambayo hatutaitaja. Mlango wa ghala lake ni wa mbao, nao hutazama upande utokako mvua. Masika yalipoingia mlango haukukubali kuingia mahali pake ila kwa bega, na ufunguo ukawa mzito, haumalizi mzunguko wake. Akawaarifu wakubwa kwa mdomo. Baada ya majuma kadha wa kadha fundi akaja, akajaribu ufunguo mara mbili, akasema kitasa ni kibovu. Akakitoa, akaukata ulimi wake kwa tupa, akatia mafuta mengi, akaenda zake. Ufunguo ukageuka vizuri, na wote wakafurahi.

Kiangazi kikaja. Asubuhi moja mlango ukakutwa wazi, na mablanketi sita hayapo. Ubao haukuvunjwa, wala kitasa hakikuguswa. Basi ikasemwa ya kuwa ama karani hakufunga, ama alimpa mtu ufunguo. Alisema aligeuza ufunguo mpaka mwisho, na mlinzi wa usiku akashuhudia ya kuwa alimwona akigeuza. Walakini maneno yao hayakufaa kitu. Akakatwa mshahara miezi mitatu, na katika faili lake likaandikwa neno la uzembe.

Sisi tulikwenda kuutazama mlango huo kwa ruhusa, siku ya Jumamosi. Tulipaka chaki nyeupe katika ncha ya ulimi, tukaufunga mlango, tukageuza ufunguo, tukafungua tena, tukatazama bamba la chuma lililo katika mwimo. Alama ya chaki ilikuwa ukingoni tu mwa tundu, nyembamba kama uzi. Mbao zilikuwa zimekauka na kusinyaa, nafasi kati ya mlango na mwimo imepanuka, na ulimi uliokatwa wakati wa mvua haukufika tena ndani. Tuliusukuma mlango kwa goti, ukafunguka, na ufunguo ungali umegeuzwa.

Hapo twaona kosa lifanywalo na watu wengi, nasi tumelifanya zamani: kudhani ya kuwa ufunguo ni shahidi wa mlango. Ufunguo humwambia mtu neno moja tu, kwamba ulimi umetoka katika sanduku la kitasa. Haumwambii umeingia wapi. Tena ufunguo ukiwa mzito hushtakiwa kitasa, hali mara nyingi mkosaji ni mlango wenyewe.

Njia ya kumjua mkosaji ni rahisi, nayo haitaki chombo cho chote. Mlango uwe wazi kabisa, kisha ugeuze ufunguo. Ukigeuka kwa wepesi mlango ukiwa wazi, na kwa uzito mlango ukiwa umefungwa, kitasa hakina ugonjwa, usikiguse. Tafuta kosa katika mbao, bawaba au mwimo. Ukiwa mzito hata mlango ukiwa wazi, ndipo kosa limo katika kitasa au katika ufunguo. Hapo jaribu ufunguo wa pili ambao hautumiki kila siku. Ukigeuka vema, basi ule wa kwanza umelika meno. Na mtu akitaka kuchongesha mwingine ampe fundi ule usiolika, kwa maana ufunguo uchongwao kwa kuigiza uliolika huzaliwa na ugonjwa wa mama yake.

Mlango ukiwa ndiye mkosaji, anzeni na bawaba. Ushike mlango kwa mkono wa kitasa uuinue juu: ukicheza, skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Alama nyingine ni nafasi iliyo juu ya mlango, ambayo huwa pana zaidi upande wa kitasa, na chini pembe hukwaruza sakafu. Ulimi nao huwa umeshuka pamoja na mlango, ukagonga ukingo wa chini wa tundu. Watu wengi hapo hukimbilia tupa. Ni haraka isiyo na faida, kwa kuwa mlango utaendelea kushuka. Zitoeni skrubu, mzibe matundu yaliyopanuka kwa vijiti vya mti mkavu vilivyotiwa gundi, kisha mzirudishe, au mtie ndefu kidogo kuliko zile za kwanza. Kama baada ya hayo ulimi ungali unagusa ukingo, bamba ndilo lipigwe tupa au lihamishwe. Ulimi usikatwe hata kidogo. Bamba hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ulimi uliokatwa haurudi.

Na mlango uliovimba je? Ubao hunywa unyevu na kuvimba kwa upana wake, wala si kwa urefu wake. Ndiyo sababu milango hubana ubavuni wakati wa mvua. Mtu akiupiga randa katikati ya masika atajuta kiangazi. Yafaa kungoja ukauke, kisha kupaka rangi pande zote, hata ncha ya juu na ya chini ambazo wapaka rangi huziruka kwa kuwa hazionekani, na huko ndiko maji huingia zaidi. Milango ya kale ya Unguja ilifungwa kwa mnyororo na kufuli, na sisi tuliosoma twaweza kuiona kuwa ni desturi ya kizamani. Walakini mnyororo haujali ubao ukivimba au ukisinyaa, na kitasa cha kuchimbia katika ubao hujali sana.

Kosa likiwamo katika kitasa chenyewe, sababu huwa chache. Vumbi lililochanganyika na mafuta ya zamani huwa kama tope. Kutu ni adui mkubwa kwa wenzetu wa pwani. Nyigu wajengao kwa udongo hupenda tundu la ufunguo. Kamani ndogo iliyo ndani huvunjika au huchoka. Hata skrubu zilizokazwa kupita kiasi huweza kuminya sanduku la kitasa mpaka ulimi ukashindwa kutembea. Zilegezeni kidogo kabla ya kutafuta kosa jingine. Atakayekifungua kitasa akilaze mezani, akiinue kifuniko polepole, na achore katika karatasi mpango wa vibao vya ndani kabla ya kugusa kimoja. Sisi hatukuchora siku ya kwanza, tukamaliza Jumapili nzima. Kwa tundu la ufunguo afadhali unga wa risasi ya penseli kuliko mafuta, kwa kuwa mafuta hushika vumbi.

Mwaka 1818 Mwingereza mmoja, Jeremiah Chubb, alifanyiza kitasa ambacho mtu akijaribu kukifungua kwa hila hujifunga ndani, na mwenyewe ajapo na ufunguo wake hujua mara moja ya kuwa kimeguswa. Wakati wa maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alikifungua hata kitasa cha namna hiyo. Hayo ni mambo ya mafundi wakubwa. Mwizi wa mablanketi hakuwa Hobbs. Alisukuma mlango tu.

Juu ya madirisha hatutasema mengi. Yale ya chuma hupakwa rangi juu ya rangi mpaka mkono wa kufungia haufiki tena katika kishikizo chake, na mtu huugonga kwa jiwe ukavunjika. Kwangueni rangi, mtie mafuta ya taa kulainisha kutu, mpanguse, kisha mtie mafuta mazito katika bawaba. Kupigilia misumari dirisha lisilofunga si matengenezo. Twajua nyumba za wenzetu ambazo madirisha yote yamepigiliwa na mlango ni mmoja. Moto ukianza karibu na mlango huo, watoto watatokea wapi?

Tumesikia wanachama wakisema ya kuwa kazi ya karani ni kalamu, na kwamba hatukusoma ili tushike bisibisi. Maneno hayo hayatupendezi. Wengi wetu tulifundishwa useremala katika shule za misheni, wala hatukuona haya. Tena hatusemi karani afanye kazi ya fundi. Twasema ajue kumwambia fundi kosa liko wapi, na aweze kumzuia asikate kisichopasa kukatwa. Karani wa ghala ndiye aulizwaye mali ikipotea. Fundi hakuulizwa neno.

Kuna jambo moja ambalo ni kazi yetu hasa. Siku ufunguo uanzapo kuwa mzito, andika barua, utie tarehe, uweke nakala. Mwenzetu alisema kwa mdomo, na waliosikia wakasahau. Kama angekuwa na karatasi moja tu ya siku ile, na nyingine ya siku fundi alipokuja, shauri lingekwenda njia nyingine. Kwa sanduku la fedha au chumba cha hazina, msifungue hata skrubu moja, illa andikeni tu.

Basi twaleta maombi mawili mbele ya mkutano ujao. La kwanza, chama kinunue sanduku moja la vyombo, bisibisi mbili, tupa ndogo, nyundo, patasi, gundi na skrubu za namna mbalimbali, likae kwa Katibu, na mwanachama aliazime kwa kutia sahihi. La pili, chama kiiandikie ofisi ile kuomba mlango upimwe tena mbele ya mkubwa wake, na neno la uzembe litazamwe upya katika faili la mwenzetu. Barua hiyo tumekwisha kuiandika, nayo iko kwa Katibu kwa ye yote atakaye kuisoma kabla ya mkutano. Upande wa nyuma tumechora bamba la mwimo na alama ya chaki, kwa kipimo chake halisi.