Kisima cha ghorofa yenu kilikaguliwa lini?

Mzazi mwenzangu, maji ya kisima cha jengo unaloishi unayajua yakiwa kwenye ndoo. Ni meupe, hayana harufu, yana chumvi kidogo, na kwa kufulia na kupikia umeshayazoea. Lakini njia yanayopita chini ya ardhi kabla ya kupandishwa kwenye simtanki juu ya paa, umewahi kuiona?

Mimi nimeiona hivi karibuni, katika uwanja wa jengo moja la ghorofa tano Kariakoo. Wapangaji walikuwa wakilalamika kwamba mvua kubwa ikinyesha, kesho yake maji yanatoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea maji. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa na lake zaidi: mwanawe wa mwaka mmoja na nusu ameharisha mara tatu ndani ya miezi miwili. Wakubwa zake walimwambia ni meno. Yeye alimshuku dada wa kazi kwamba haoshi vyombo vizuri. Alitupa chupa, akanunua nyingine, na kuhara kukarudi.

Mwenye nyumba alisema pampu ni mpya, haina tatizo. Mwishowe wapangaji wakachangishana nusu ya gharama, naye akatoa nusu, wakaitwa mafundi wenye kamera ya kisima.

Kamera yenyewe ni ndogo, unene wake kama tochi, imezibwa isiingie maji na ina taa kuzunguka lenzi. Inashushwa kwa waya wenye alama za mita, na picha inaonekana kwenye kioo pale juu. Kwanza pampu hutolewa pamoja na mabomba yake, kisha kisima huachwa kitulie, maana tope likitibuka kamera haioni kitu.

Tulikusanyika kama tunaangalia mpira. Mita ya kwanza hadi ya nane, ukuta wa bomba ulikuwa safi. Mita ya tisa fundi akasimamisha waya. Pale mabomba mawili ya plastiki yalipoungana palikuwa na uwazi, mizizi myembamba imepenya, na maji ya kahawia yalikuwa yakichuruzika kuelekea chini.

“Mama, pampu haina kosa,” fundi akamwambia. “Maji ya juu yanaingilia hapa.”

Mzee mmoja wa duka la jirani akakumbuka uwanja ule kabla ya ghorofa: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ua nyuma, na choo cha shimo kwenye kona. Tukatazamana.

Hiyo ndiyo hali ya sehemu kubwa ya Kariakoo na mitaa ya jirani. Nyumba za zamani zimebomolewa, maghorofa yamepanda, lakini mashimo ya zamani hayakuhama. Juu yake kuna chemba zinazofurika na mabomba ya majitaka yanayoziba. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoa mingi kilitukumbusha gharama ya kuchanganya maji na kinyesi. Na Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua tukawekwa kwenye mgawo, wengi wetu tulirudi kwenye visima bila kuuliza maswali.

Hata hivyo, kamera ina mipaka yake. Inaonyesha ufa, kiungo kilichoachia, kutu, mizizi, chujio lililoziba au kitu kilichotumbukia. Haionyeshi vimelea wala kemikali. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ule uwazi ndio uliomuumiza mtoto. Jibu hilo linahitaji sampuli ipelekwe maabara ya ubora wa maji, ambako Wizara ya Maji inazo. Kipimo cha kwanza cha kuulizia ni bakteria wa kinyesi, wanaoitwa E. koli: katika mililita 100 za maji ya kunywa hatakiwi kuonekana hata mmoja.

Cha pili ni naitreti, ambayo mara nyingi hutokana na majitaka yaliyopenya ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, ni hatari hasa kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa sababu inaizuia damu yake kubeba oksijeni inavyopaswa. Hapa wazazi wengi tunakosea: kuchemsha kunaua vimelea, lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kukolea zaidi.

Basi leo fanya haya. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu, bila maji. Kama analazimika kutumia maziwa ya kopo, usiyakoroge kwa maji ya kisima ambacho hakijapimwa. Maji mengine ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, au yatibu kwa vidonge vya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Mtoto akiharisha, mpe ORS na umpeleke kituo cha afya akapewe na zinki. Ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, au hawezi kunywa, usingoje kesho.

Na kisima kikishatengenezwa, kinatakiwa kutiwa dawa ya klorini na maji kupimwa upya kabla hamjaanza kuyanywa. Risiti ya fundi haitoshi.

Nilipoondoka, kisima kilikuwa kimefungwa na madumu ya maji ya bomba yalikuwa yakishushwa kwenye toroli. Yule mama alinisindikiza hadi getini. “Dada wa kazi nimemsema bure miezi miwili,” aliniambia. “Nikipanda juu namwomba radhi.”

Nawe ukikutana na mwenye nyumba wako, muulize kwa heshima: kisima hiki kilikaguliwa lini, na karatasi ya maabara iko wapi?