Woga wa Ndege Hauponi kwa Kuikimbia



Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Ni usemi wenye hekima, nao umewaepusha wengi na maji ya kina na ugomvi usio wao. Lakini iko safari moja ambayo usemi huo haufai kufuatwa pasipo kupimwa kwanza, nayo ni safari ya ndege. Jumapili hii nimeona vema tuuzungumzie woga wa kupanda ndege, maana ni jambo linalofichwa sana majumbani, na anayelificha aghalabu ni mtu mzima mwenye heshima zake.

Wengi hudhani woga huu ni wa yule ambaye hajapata kupanda ndege maishani mwake. Sivyo. Mara nyingi humpata aliyekwisha kuzoea. Aretha Franklin, mwimbaji mashuhuri wa Marekani aliyefariki mwaka 2018, alisafiri kwa ndege kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 alipatwa na msukosuko akiwa ndani ya ndege ndogo, na tangu hapo akawa anakwenda kwenye maonyesho yake kwa basi. Dennis Bergkamp, mchezaji wa Uholanzi ambaye wapenzi wa Arsenal wanamkumbuka vizuri, aliacha kupanda ndege baada ya fainali za Kombe la Dunia za mwaka 1994. Timu yake ilipokwenda kucheza ng'ambo, mara nyingi ilimwacha nyumbani. Mtu aliyewahangaisha mabeki wa Ulaya nzima hawezi kuitwa mwoga wa tabia. Basi tusiharakishe kucheka.

Woga huu huanzaje? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, huyo tunamwelewa. Mwingine hakuumwa, bali ameshuhudia aliyeumwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha, na wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifikia. Picha za mkia wa ndege ile ukichomoza majini ziliingia katika simu za watu wengi, na hazikutoka mioyoni mwao upesi.

Wako pia ambao hawakuumwa wala hawakuona. Kwao woga huja baada ya kujifungua, baada ya msiba, au katika kipindi cha mashaka ya kazi na ndoa. Tuseme mama ambaye kwa miaka kumi amekuwa akisafiri kwa ndege bila taabu. Sasa ana mtoto mchanga nyumbani, na mlango wa ndege unapofungwa anawaza, "Nikifa leo, mwanangu atalelewa na nani?" Ndege ni ile ile, kilichobadilika ni thamani ya kile anachoogopa kukiacha nyuma.

Hapo mwili huingia kazini. Moyo hudunda, viganja hutoa jasho, kifua hubana. Mwili umejiandaa kukimbia, lakini pa kukimbilia hapana. Mhusika hudhani anakufa, kumbe ni wimbi linalopanda kwa dakika chache na kisha kushuka lenyewe. Bahati mbaya wengi hawangoji lishuke. Safari inayofuata huifuta, na papo hapo hujisikia wametua mzigo. Nafuu hiyo, ndugu msomaji, ndiyo mshahara anaolipwa woga, na kila anapolipwa hurudi akiwa na nguvu zaidi.

Tena nafuu hiyo ina gharama. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakasafiri kwa magari. Gerd Gigerenzer, mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, alikadiria kwamba katika mwaka uliofuata watu wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu hiyo. Walikimbia hatari iliyowatisha, wakaangukia ile waliyoizoea.

Sisemi kwamba ndege hazianguki. Mwezi Juni 2025 huko Ahmedabad, India, kati ya watu 242 waliokuwa ndani ya ndege aliokoka mmoja tu. Ninachosema ni kwamba kuanguka kwa ndege hutangazwa dunia nzima kwa sababu ni nadra. Mwaka 2023 waliokufa katika ajali za ndege za abiria za ratiba duniani kote walikuwa 72, wote katika ajali moja huko Nepal. Ajali za barabarani huua watu wanaokaribia milioni 1.2 kila mwaka. Ni kweli wanaotumia barabara ni wengi zaidi, lakini hata ukipima kwa kila kilomita moja ya safari, ndege hubaki salama kuliko gari kwa mbali sana. Anayeachana na ndege akapanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita elfu moja, hajajiongezea usalama. Na akichelewa kumzika mzazi wake, hasara hiyo hakuna atakayemrudishia.

Tiba ya kwanza ni kujua kinachotendeka. Mara baada ya ndege kuruka utasikia kishindo chini ya miguu: ni magurudumu yanakunjwa. Punde mlio wa injini hupungua, na tumbo hukuambia kwamba mnaanguka. La hasha; rubani amepunguza tu nguvu kubwa iliyohitajika wakati wa kuruka. Ndege ikitikisika, ni kama mashua inayokutana na mawimbi. Bawa linapopinda usishtuke, maana limeundwa lipinde. Mwaka 2010 kampuni ya Boeing ilipoijaribu ndege yake ya 787, mabawa yalivutwa juu kiasi cha mita 7 na zaidi bila kuvunjika. Wanaoumia katika msukosuko aghalabu ni wale wasiofunga mkanda. Basi ufunge muda wote uketipo.

Na injini zikizimika? Ndege kubwa ya abiria inaweza kuendelea kuruka kwa injini moja hadi ifike pa kutua. Hata zikizimika zote haianguki kama jiwe. Mwezi Agosti 2001 ndege iliyotoka Toronto kwenda Lisbon iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki. Ilielea hewani kwa dakika zipatazo 19 hadi visiwa vya Azores, ikatua, na watu wote 306 wakatoka hai.

Maarifa pekee hayatoshi, kwa kuwa mwili haushawishiwi kwa hoja. Mwili hufundishwa kwa mazoezi. Anza na jambo dogo: msindikize msafiri uwanjani, ukae uzitazame ndege zikiruka na kutua mpaka moyo utulie. Kisha chukua safari fupi. Ile ya Dar es Salaam hadi Zanzibar haifiki nusu saa. Baadaye nenda mbali zaidi, wala usiache miezi mingi ikapita katikati. Chagua safari ya asubuhi, kwa kuwa hewa huwa tulivu kabla jua halijaipasha joto ardhi. Omba kiti karibu na mabawa, ambako mtikisiko hupungua. Mwambie mhudumu wa ndege kwamba una hofu; amekwisha kuwahudumia wengi wa namna hiyo. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, na urudie. Pombe usiitegemee. Vidonge vya kutuliza usinywe pasipo kumwona daktari. Na kama woga umekushinda kabisa, mwendee mtaalamu wa saikolojia. Ugumu huu hutibika.

Neno langu la mwisho ni kwa wa nyumbani. Usimwambie mwenzio, "Hata watoto hawaogopi." Maneno hayo hayaondoi woga, humfundisha kuuficha tu. Mshike mkono, umuulize ni kipi hasa kinachomtisha, na mwende pamoja ile safari ya kwanza. Nawe mzazi mwenye woga, kumbuka kwamba mtoto huusoma uso wako kabla hajasikia maneno yako. Mweleze kweli kwamba unaogopa, kisha akuone unapanda.

Pengine katika ukoo wenu yuko mjomba au shangazi ambaye kila safari ikiwa ya ndege hakosi udhuru: leo homa, kesho kazi. Wiki hii mtafute, umuulize kwa upole. Yamkini amengoja miaka mingi aulizwe.

Tuonane Jumapili ijayo.