Salamabila: Kufuli la mwizi lisimfungie mfanyakazi ndani ya moto

Salamabila inaishi kwa dhahabu. Mgodi wa Namoya uko jirani, na pembeni yake wapo wachimbaji wadogo, wanunuzi wa dhahabu, wauza esansi, mafundi na wenye maduka. Kwa miaka mingi, hofu kubwa katika sehemu hii ya Kabambare imekuwa mtu mwenye bunduki. Katika hali hiyo, mwenye biashara huweka nondo madirishani, hubakiza mlango mmoja tu, na usiku hutia kufuli. Anamzuia mwizi, lakini moto ukizuka, ulinzi huo huo unamfungia mfanyakazi ndani.

Historia imekwisha kuonyesha hatari hiyo. Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kiliungua na kuua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kwa sababu wenye kiwanda waliogopa kuibiwa.

Karibu zaidi kuna Sange, Kivu Kusini. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka hapo, likawaka na kuua watu zaidi ya 230. Wapo waliokuwa wakichota mafuta, na wapo waliokuwa wamejifungia vibandani wakitazama Kombe la Dunia. Mvuke wa esansi hutambaa chini, hufika kwenye jiko au jenereta, na moto hurudi kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kutafuta ufunguo.

Wengine husema mpango wa kukabili moto ni mambo ya kampuni kubwa. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Na pale ambapo gari la zimamoto haliwezi kungojewa litoke Kindu, mwenye duka dogo ndiye anayeuhitaji mpango huo zaidi.

Mpango wenyewe unaweza kutosha kwenye ukurasa mmoja. Kwanza ni njia ya kutoka: milango miwili, iliyo mbali mmoja na mwingine, yenye komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Nondo za dirisha moja zinaweza kutiwa bawaba na komeo la ndani. Mwizi aliye nje hafaidiki na mlinzi anayelala ndani anaokoka. Pili, bidoni za esansi zikae nje, mbali na jenereta, jiko na betri za sola. Tatu, viwepo kizimamoto cha unga na ndoo za mchanga, na kila mtu ajue kwamba maji yakimwagwa juu ya esansi inayowaka huusambaza moto.

Kisha yafuate majina. Nani anapiga kelele ya kwanza? Nani anazima jenereta? Katika kituo cha afya, nani anambeba mgonjwa asiyeweza kutembea? Wote wakutane wapi, na nani anawahesabu? Bila hesabu hiyo, mtu anaweza kurudi ndani ya moshi kumtafuta mwenzake aliyekwisha kutoka. Mambo haya yafanyiwe mazoezi angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja usiku, taa zikiwa zimezimwa, kila mtu akiinama chini ambako moshi ni haba.

Wakuu wa eneo wana sehemu yao: kabla ya kumruhusu mtu kufungua depo au duka, wakague mlango wa pili kama wanavyokagua karatasi za kodi. Mteja naye ana haki ya kuuliza atatokea wapi.

Dhahabu ikiibwa, itachimbwa nyingine. Mlinzi aliyeungulia nyuma ya kufuli la tajiri wake harudi, na watoto wake hawatafarijiwa na habari kwamba mali ilikuwa salama.