Mshazari wa Mbele au wa Nyuma? Tatizo la Istilahi za Mwelekeo katika Lugha za Kompyuta

Waundaji wa istilahi za kompyuta aghalabu huhofia maneno magumu, ilhali yanayopotosha zaidi ni yale mepesi. Katika HatchStyle, orodha ya ruwaza za mistari iliyomo katika mfumo wa .NET wa kampuni ya Microsoft, jina ForwardDiagonal, yaani mshazari wa mbele, hutaja mistari inayotoka juu kushoto hadi chini kulia. Lakini mkwaju (/), ambao Kiingereza nacho huuita wa mbele, hulalia upande wa pili. Mwanafunzi anayechora ramani ya matumizi ya ardhi, msitu kwa mishazari ya upande mmoja na mashamba kwa mishazari ya upande mwingine, akiliamini jina tu atageuza msitu kuwa shamba. Maktaba ya Matplotlib ya lugha ya Python imeepa utata huo kwa kutumia alama zenyewe, / na \.

Kulitafsiri jina hilo neno kwa neno ni kurithi kosa la wengine. Katika ukili wa mkeka, miyaa hukaa mshazari kwa ukingo. Wasukaji wawili wa Milola, mkoani Lindi, wakiketi kuelekeana na ukili kati yao, mwaa uliotiwa rangi huonekana kwa wote wawili umelalia upande uleule. Ukipinduliwa ukili ndipo ulalo hubadilika. Kwa hiyo mbele ya mtazamaji si kipimo.

Wala "kupanda" na "kushuka" hayatoshi. Pwani ya Kilwa na Lindi imeandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kabla ya hati za Kilatini. Mstari uleule (/) hupanda kwa asomaye kutoka kushoto, na hushuka kwa asomaye kutoka kulia.

BAKITA na TATAKI hazina budi kupendelea istilahi inayotaja pembe zote mbili: mshazari wa chini-kushoto na juu-kulia. Ni ndefu, naam, na waandishi wa programu hupenda ufupi. Anayetaka ufupi na atumie alama yenyewe. Mtu aweza kutetea jina fupi kwa mfano wa kusi, upepo unaoitwa kwa utokako ingawa chombo kinachoufuata huelekea kaskazini. Nahodha hapotei, kwa kuwa upepo una chimbuko. Mstari hauna.