Ukigonga Kitu, Sema

Wasee, leo nakiri kitu. Mwaka jana nilibebwa na boda hadi steji ya Makutano, Meru, nikapande matatu ya Embu. Nikishuka, helmeti ya yule jamaa ikaniponyoka, ikagonga lami. Nikaiokota, nikaipangusa, nikalipa, nikanyamaza. Kwa macho ilikuwa sawa.

Shida ni hiyo "kwa macho". Foamu ya ndani ikishabonyea kwa kishindo, haikingi kichwa tena vile inafaa, hata ganda la nje liking'aa.

Sasa fikiria ndege. Dreamliner ya kwanza ya Kenya Airways ilifika 2014. Karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni kompositi: nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, zimeshikanishwa kwa gundi ngumu. Ni kama plaiwudi. Na unajua mlango wa plaiwudi ukinyeshewa: nje rangi bado iko poa, ndani tabaka zishaachana. Bati likigongwa linabonyea, unaona. Kompositi inaweza kugongwa na gari la mizigo pale uwanjani, irudi vile ilikuwa, kumbe ndani imebanduka.

Utaniambia, "Si kompyuta ziko?" Ziko. Wahandisi hugawanya bawa kwenye programu kuwa vipande vidogo sana, wanakokotoa nguvu inayopita kila kimoja, wanatabiri tabaka gani itaachana kwanza. Niliacha uhandisi mwaka wa pili, lakini hiyo kazi naiheshimu.

Ila 2009, Boeing walipopima bawa halisi la Dreamliner, pale linapoungana na mwili palibeba mkazo kuliko kompyuta ilivyotabiri. Ndege ilikuwa karibu kupaa mara ya kwanza. Wakatangaza, wakaahirisha, wakaimarisha hapo. Ikapaa Desemba. Machi 2010 wakakunja bawa juu zaidi ya mita 7, na likashikilia.

Kwa hivyo msiniambie usalama ni kompyuta kali tu. Unaanza na kijana wa mizigo anayesema "nimegonga hapa", na bosi asiyemfuta kwa kusema ukweli. Huku kwetu ukisema, unakatwa mshahara. Halafu tunashangaa watu wakinyamaza. Kompyuta haiwezi kukokotoa kitu imefichwa.

Wiki jana nilimtafuta yule jamaa wa boda, nikamwambia. Akacheka: "Kwani wewe ndio wa kwanza kuiangusha?"

Hapo ndio niliogopa. Sisi wote tuliiangusha, na hakuna mwenye alisema.